Kifua Cheupe

Siku kivuli cha Kipenga kilipoonekana kimegeuka cheupe ilikuwa Jumanne, saa moja na robo asubuhi, na mwenyewe alikuwa uani anapiga mswaki. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amekaa kizingitini anakata uzi kwa meno, maana mkasi ulikuwa umepotea tangu jana na kila mtu mle ndani anamsingizia mwenzake. Aliinua macho ili aulizie tena mkasi, akaona sakafu. Saruji ya uani ilikuwa imekoza weusi kwa masizi ya jiko, na juu yake kivuli cha mumewe kilikuwa kimelala cheupe, kuanzia kichwa mpaka vidole, kama shuka iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

"Baba Pekee," akaita. "Kivuli chako."

Kipenga akatazama chini, akasukutua, akatema.

"Nimekiona tangu juzi," akasema. "Mkasi uko juu ya kabati, chini ya gazeti."

Basi, yakaishia hapo. Na wangesema nini kingine? Kwenye ule mtaa wa nyumba za kiwanda kulikuwa na vivuli vyeupe sita au saba, vyote vya watu wa chumba cha kinu, na hakuna aliyewahi kusimama kuvishangaa. Watu walizijua tu tabia zake. Kivuli cheupe hakina ubaridi, ukikaa chini yake jua linakuchoma vilevile. Na kinapukutika. Kikilala mahali nusu saa kinaacha unga, kwa hiyo wake za watu wa kinu walifagia mara nne kwa siku na kujaza makopo. Kila Ijumaa alipita mtu wa kiwanda na gunia kukusanya makopo hayo. Mke mmoja aliwahi kuuliza unga wa mume wake unapelekwa wapi. Msimamizi wa kinu akamjibu bila ukali wowote kwamba unga ni unga, na unga wote ni mali ya kiwanda.

Kiwanda kilisaga jiwe jeupe. Jiwe lilipasuliwa mlimani, likaletwa kwa malori, likasagwa mpaka likawa laini kuliko unga wa ngano, na kutokana na unga huo yakatengenezwa masinki, vigae, sahani na rangi za kuta. Kama umewahi kunawa kwenye sinki jeupe ukajiona mtu safi, huenda umeshakutana na Kipenga, ila hamkusalimiana tu.

Juu ya geti waliandika kwa herufi kubwa: WEUPE HAUDANGANYI. Na kweli mle ndani weupe ndio ulikuwa hakimu. Kulikuwa na mama mmoja wa maabara, kazi yake kupokea unga kwenye sinia na kuulinganisha na kipande cha kigae. Ukitokea ukijivu kidogo, zamu nzima inatukanwa. Mtu akitukanwa miaka ishirini kwa ajili ya ukijivu, hata moyo unajifunza. Watu wa mtaa ule walipenda meno meupe, kuta nyeupe, mbuzi weupe. Mtoto akizaliwa waliangalia kwanza weupe wa macho, ndipo wakauliza kama ni wa kike au wa kiume.

Kwa hiyo lile gari la kupiga picha za kifua lilipokuwa linakuja mara moja kwa mwaka, makosa yalijitengeneza yenyewe. Daktari wa kiwanda aliinua picha moja moja kuelekea dirishani, wenye vifua wamejazana nyuma yake. Picha za vijana walioanza kazi juzi zilitoka nyeusi, zimepigwa mistari ya mbavu. "Aa, hii nyeusi ya nani? Kaoge kifua, bwana!" watu walisema, na kijana wa watu akaona aibu. Za wakongwe zilitoka na mawingu meupe. Na mwaka ule ya Kipenga ilitoka nyeupe kuanzia mifupa ya mabega kwenda chini.

"Imetoka nyeupe," daktari alisema, akafunika kalamu yake.

Hakusema ni nzuri, wala hakusema ni mbaya. Uongo hakuusema. Aliwaachia wenyewe wamalizie, nao wakamalizia kwa makofi. Anayetaka picha yake aliruhusiwa kuondoka nayo, tena daktari aliwahimiza, akasema makabati ya zahanati yamejaa. Kipenga akaja nayo nyumbani, akaibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, pale ambapo wengine wanaweka picha ya harusi. Asubuhi jua likipita hapo sebule nzima inakuwa na mwanga wa maziwa.

Jina la Kipenga alipewa kwa sababu ya mluzi. Zamani akitoka kazini alipiga mluzi kutoka getini mpaka mlangoni, na majirani walipika kwa kuufuata: Kipenga amefika kwenye bomba, tia chumvi. Mluzi ulikoma miaka miwili iliyopita. Sasa ulikuwa ndani ya kifua, unalia wenyewe akilala, na mkewe alilala anausikiliza akiomba usinyamaze.

Nyumba ilikuwa ya kiwanda, na kanuni yake ilibandikwa nyuma ya kila mlango. Mtu wa kinu akiondoka, nafasi yake inasubiri siku saba mtu wa nyumba yake aje aizibe. Asipotokea, nyumba inarudi kwa wenyewe. Kipenga mwenyewe alipokea koleo la baba yake siku ya sita. Kulikuwa na mstari mmoja chini kabisa, wa maandishi madogo ya kuchokonoa macho: aliyedhurika kwa kazi, na daktari wa kiwanda akathibitisha, familia yake itabaki na nyumba bila mtu kuingia kinuni. Mstari huo haukuwahi kutumika tangu ubandikwe.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pekee. Alimwekea cherehani mbele yake tangu ana miaka kumi. "Utashona, utafua, utauza maji ukitaka," alimwambia, "lakini lile geti wewe hulipiti. Nimesema." Dunia nzima angeweza kuisamehe, lakini hilo moja hakuwa tayari kulikubali. Kwa hiyo kila alipokitazama kile kivuli cheupe pale uani, hesabu iliyompita kichwani ilikuwa ya siku saba.

Ijumaa ya wiki ileile alikwenda hospitali ya mjini kupeleka sare za wauguzi, kumi na mbili, kola zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Akaambiwa asubiri kwenye ukumbi. Mkabala na benchi kulikuwa na chumba kimeachwa wazi, na ndani yake mzee mmoja mpiga picha za mifupa anapanga picha za vifua kwenye ubao wenye taa. Zote nyeusi tititi.

"Masikini," fundi akasema. "Wachafu namna hii! Wanafanya kazi gani hawa?"

Mzee akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Hawa wazima, mama. Nyeusi ni hewa. Pafu likijaa hewa linatoka jeusi hivi. Kinachotoka cheupe ni kitu kigumu. Mfupa. Risasi. Jiwe."

"Na kifua kikitoka cheupe chote?"

"Chote?"

"Kuanzia hapa," fundi akajigusa chini ya shingo, "mpaka hapa."

Mzee akazima taa ya ubao, ingawa kazi yake haijaisha.

"Huyo ni nani yako?"

"Mteja wangu tu."

"Haya. Mwambie mteja wako awe analalia mito mitatu," mzee akasema taratibu. "Na asibebeshwe kitu. Pole sana, mama."

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja dirishani, akaibandua picha. Kipenga alikuwa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, anatafuta pumzi.

"Umeitoa," akasema.

"Nimeitoa. Baba Pekee, ile picha..."

"Najua. Nilijua tangu mwaka juzi. Yule dereva wa lile gari aliniambia."

"Ukaibandika dirishani!"

"Mlikuwa mnaipenda." Akapumzika kidogo. "Mtoto alikuwa anawaonyesha wenzake. Anasema, mwaone baba yangu alivyo safi. Mimi ningeanzia wapi?"

Fundi akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Alimkasirikia mumewe kwa hasira ambayo hakuwahi kuisikia tangu waoane, halafu akamwonea huruma, halafu vyote viwili vikaja kwa pamoja, akashindwa aanze na kipi. Akaenda kufagia.

Jumatatu alimshika mkono wakaenda zahanati ya kiwanda. Ni hatua mia mbili kutoka nyumbani, wakapumzika mara tisa. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alisimama, akavuta viti.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Hili koti ulilonishonea linanikaa vizuri, kila mtu ananiuliza fundi nani."

"Marahaba. Daktari, nimekuja uniandikie mstari mmoja. Andika kwamba mume wangu amedhurika kwa vumbi la kinu."

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

Fundi akampa picha. "Haya, tazama."

Daktari akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda wa kutosha, kama mtu asiye na haraka.

"Naona nyeupe," akasema.

"Na nyeupe maana yake nini?"

"Mama yangu, mimi ni daktari. Mambo ya maana waulize washairi."

"Usinifanye mtoto!" Fundi akapiga meza. "Wewe umesoma. Unajua na mimi sasa najua. Nina binti mmoja, daktari. Mmoja! Sikuombi dawa, sikuombi chochote. Mstari mmoja tu, kwa kalamu hiyohiyo uliyoishika."

Sakafu ya zahanati ilikuwa ya vigae vyeupe, kwa hiyo kivuli cha Kipenga hakikuonekana kilipolala. Daktari alipogeuka kuchukua karatasi alikikanyaga shingoni. Kipenga akaanza kukohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Daktari akatazama chini, akainua kiatu.

"Samahani, mzee," akasema, na alisema kwa heshima kabisa.

Kisha akaandika. Aliandika polepole, mwandiko mzuri, akapiga muhuri: *Uchovu wa kawaida wa mwili.* Akawasindikiza mpaka mlangoni.

Kipenga alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, ameegemea mito mitatu. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama shuka zimekauka, maana aliona wingu. Fundi akamjibu zimekauka, ingawa hata hakuzianika siku hiyo. Sanda alikata kwenye jora lilelile la sare za wauguzi. Hakukuwa na jora jingine, na kitambaa ni kilekile: shela ya bibi harusi, shati la shule, sanda, vyote hupita chini ya sindano moja na cherehani haimuulizi mtu. Alishona bila kukosea mshono hata mmoja. Alipomaliza, akafunika cherehani, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na Pekee akamshika kwa nyuma, na majirani wakasimama nje wakisubiri amalize.

Walipotoka makaburini walikikuta kivuli sebuleni, ukutani, karibu na cherehani.

"Kimebaki," jirani akasema akivua viatu. "Cha shemeji yangu nacho kilibaki. Usikifukuze, kinajua njia." Akaomba maji ya kunywa.

Fundi hakukifukuza. Alihamisha kabati ili kipate nafasi.

Siku saba zikaanza kuhesabika. Fundi alifunga vitu kwenye mafurushi, bila kujua anahamia wapi. Ndugu wa karibu hakuwa naye, na chumba cha kupanga kwa mjane mwenye cherehani na binti, watu walikuwa wanamzungushazungusha tu, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Siku ya tatu, king'ora cha kiwanda kilipolia saa mbili kasorobo, kivuli kilibanduka ukutani, kikapita chini ya mlango, kikavuka barabara mpaka getini. Mlinzi akafungua daftari. Akatafuta jina la Kipenga, akaandika: yupo.

Ilipofika saa nne habari zilikuwa zimeshasambaa mtaani, na fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nafasi imezibwa! Imezibwa na mwenyewe! Alifungua furushi la vyombo. Kivuli kilirudi jioni kimechoka, kikajinyoosha ukutani, na fundi akakifagilia mahali pake.

"Baba anavyowahi!" Pekee akasema. "Alipokuwa hai hakuwahi hivi."

"Nyamaza, mtoto wewe," mama yake akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakajifuta macho. Siku tatu nzima aliamini. Alilala usingizi wa kweli na akashona nguo mbili za watoto.

Siku ya sita msimamizi wa kinu alikuja. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti cha Kipenga bila kujua, akahama mwenyewe baada ya kujua.

"Shemeji," akasema, "sina lawama. Kinawahi, hakijibishani, hakitoki kwenda kuvuta sigara. Ningekuwa na vivuli kama kile ishirini ningeshukuru. Lakini kivuli hakishiki koleo."

"Kinasimama kazini. Mlinzi ameandika yupo."

"Yupo, ndiyo. Nani kakataa? Kije tu kila siku kama kinapenda. Ila nyumba inahesabiwa kwa mtu." Akageuza kofia mikononi. "Kesho ndiyo ya saba. Mimi nimetumwa tu, shemeji."

"Basi tutahama."

Msimamizi alimtazama Pekee, na Pekee akatazama dirisha, na hapo ndipo mama alipoelewa kwamba hao wawili walishaongea.

Asubuhi ya siku ya saba Pekee alitoka chumbani amevaa ovaroli la baba yake, amelipunguza mikono na kiuno. Mishono ilikuwa mizuri. Mama yake akaenda akasimama mlangoni, akashika fremu huku na huku.

"Hupiti."

"Mama."

"Nimesema hupiti. Pita juu ya maiti yangu."

"Mama, tutahamia wapi na cherehani kichwani? Niambie tu wapi, nivue hii nguo sasa hivi."

Fundi alifungua mdomo ataje mahali. Alipekua kichwa chake chote, mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. Binti hakumsukuma. Alisimama mbele yake akisubiri, kiberiti cha taa ya kinuni mkononi, mpaka king'ora kikalia mara ya pili. Mikono ya mama ilichoka yenyewe ikashuka.

Wanaofanya kazi naye wanasema kivuli cha Kipenga kinaingia kinuni kabla yake. Kinasimama kati ya mdomo wa kinu na pale anaposimama binti, mikono imetandazwa, mpaka zamu iishe. Vumbi linakipita tu, linamfikia. Jioni kinarudi kimenenepa unga, mama anakifagia, na Ijumaa mtu wa gunia anachukua kopo. Maneno ya getini yamepakwa rangi upya. Lile gari la picha lilikuja, ya Pekee ikatoka nyeusi, wakongwe wakamtania akaoge kifua, na mama yake alipoletewa habari hiyo pamoja na picha yenyewe aliketi uani akaibusu ile picha mbele ya watu.

Tangu hapo kila asubuhi alimsimamisha binti uani jua likitoka, kama anampima nguo. Inua mkono. Geuka. Tandaza vidole. Alikagua kivuli chake pale kwenye saruji, kichwa, mabega, kifua, kikiwa cheusi kizuri, akamwambia haya nenda. Ilikwenda hivyo miezi kumi na minne.

Mwezi uliopita Pekee akaanza kuondoka kabla jua halijachomoza. Alisema zamu imebadilishwa. Mama alimuuliza mlinzi, na mlinzi akasema zamu ziko vilevile. Mama hakumwambia binti kwamba ameuliza. Anaamka saa kumi na moja kasoro, anachemsha maji, anaweka chai mezani na mkate. Mwanzoni Pekee alikuwa anaomba taa izimwe wakati anakunywa, akisema inamuumiza macho. Siku hizi haombi tena. Akisikia tu kitasa cha chumba cha binti kinageuka, mama anaizima mwenyewe, na wanakaa gizani wakiongea habari za majirani mpaka chai iishe.